Mwenye Jambo Alikuwa Nje

Mwezi uliopita nilipanda basi kwenda Mbeya kumzika Mama Mshauri. Nilisitasita sana kabla ya kwenda, maana nilifanya naye kazi mwaka mmoja tu, tena zamani, na sikujua kama mhudumu wa mwaka mmoja anahesabiwa kuwa mfiwa. Nilikaa nyuma, karibu na wapishi. Wasifu wake uliposomwa walisema kwamba ndiye aliyeanzisha huduma ya ushauri nasaha kwa wanachuo kule Sumbawanga, wakasema hivyo kwa sentensi moja, kisha wakaendelea na kwaya na vyeo vyake vya kanisani. Sentensi ile ni ya kweli, sina la kuipinga. Lakini tulipokuwa tunanawa mikono kwa ajili ya chakula, Sabina, ambaye sasa ni mwalimu mstaafu na ana wajukuu, alinijia akaninong'oneza: "Kaka Kasiani, mbona hawakusema habari ya Minza? Wewe si ulikuwa unaandikaandika kila siku? Andika basi." Nikamwambia mimi nimeishia darasa la saba, nitaandika nini. Akacheka. "Huyu aliyeandika wasifu ana digrii, na umesikia mwenyewe."

Kwa hiyo naandika. Ya nyumbani kwetu nayaruka, kwa kuwa hayana tofauti na ya nyumba nyingine yoyote ya Kifipa yenye shamba la ulezi na msalaba ukutani. Madaftari yangu ya miaka ile mchwa waliyala nusu, na nusu iliyobaki imejaa hali ya hewa: leo upepo, leo baridi, leo upepo tena. Mengine natoa kichwani, na kichwa changu sikiamini sana. Pale ambapo sina hakika nitasema.

Ulikuwa mwaka katika ile miaka tuliyoiita ya ruksa. Kila kitu kiliruhusiwa. Sukari na vitenge vilipita Kasesya, mpakani na Zambia, mchana kweupe, vijana waliokuwa wakikimbizwa na mgambo kwa kuuza sabuni wakafungua maduka, na hata chuo cha ualimu, ambacho zamani kiliwalisha wanachuo na kuwapa magodoro, kikawaambia wazazi nao wachangie. Sisemi ilikuwa vibaya. Mtu kama mimi nilipata koti la mitumba kwa mara ya kwanza maishani, na kwa baridi ya Sumbawanga ya mwezi wa saba, koti si jambo dogo. Ila watu walichanganyikiwa kidogo. Wanachuo waliokuwa wamezoea kupangiwa kila kitu, hadi saa ya kulima, sasa waliambiwa kila mtu ajitegemee kwa mawazo yake. Wengine walianza kulewa, wengine kushinda wamelala. Mwaka wa nyuma yake mwanachuo mmoja wa kiume alifia bwenini, nasikia ni malaria ya kichwani, na hakuna aliyejua kuwa anaumwa. Mkuu wa chuo hakuisahau ile. Nadhani ndiyo sababu alikubali haraka wafadhili walipomletea mtu wa kusikiliza matatizo ya wanachuo.

Mtu huyo ndiye Mama Mshauri. Alikuwa Mnyakyusa, mnene wa wastani, mwenye sauti ya taratibu na miwani aliyoivua kila alipotaka kufikiri. Alikuwa amesomea kazi ile Dar es Salaam, na aliijua. Walimpa stoo ya zamani ya mahindi na majembe. Wanachuo hawakuwa wakilima tena kama zamani, basi majembe yakarundikwa nyuma ya jiko, chumba kikapakwa chokaa, kikawekewa meza, viti viwili na pazia la kitenge cha Zambia chenye picha za tausi. Hata baada ya chokaa kiliendelea kunuka vumbi la mahindi na dawa ya dumuzi. Nje ya mlango kulikuwa na benchi, na kando ya benchi jiko langu la mkaa. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kuchemsha chai ya mchaichai, na kuwaita wanachuo mmoja mmoja. Siku ya kwanza Mama alinikalisha kwenye kile kiti cha mwanachuo, akavua miwani.

"Kasiani, mtu akija hapa usimuulize ana nini. Usimuulize anatoka wapi. Mpe chai, mwambie asubiri. Wewe ni mlango tu. Mlango unamuuliza mtu?"

"Hapana, mama."

"Basi."

Niliishika ile kanuni, na mpaka leo sijui kama niliishika kwa utii au kwa sababu ilinipunguzia kazi.

Kulikuwa na mambo mawili ambayo Mama hakuweza kuyajua mapema. La kwanza ni kibao. Fundi aliandika mlangoni, kwa rangi nyekundu, USHAURI NASAHA. Maneno yale wakati ule tuliyasikia redioni tu, na redioni yalikuja pamoja na habari za ugonjwa wa UKIMWI. Mwanachuo akiliona benchi lile alipita mbali kama anayekwepa nyuki. Vijana wa kiume waliokuwa wakienda kuchota maji walitaniana kwa sauti ili nisikie. "Mshikaji, ingia basi, kuna chai ya bure!" "Ingia wewe! Nikitoka nani atanipa mkono?" "Acha wosia kwanza kwa Kasiani!" Jambo la pili ni ukuta. Ilikuwa stoo, na ukuta wa stoo haukufika kwenye bati. Uliachiwa nafasi juu ili mahindi yapumue. Mlango ukifungwa, kila neno lililosemwa ndani lilipanda, likapita juu ya ukuta, likashuka kwenye benchi. Mama aliligundua hilo baadaye, wanachuo walipoanza kuja, akawa anasema kwa kunong'ona. Wanachuo, wakishikwa na hofu, walijibu kwa sauti kama wako darasani.

Baada ya muda mrefu wa benchi tupu wakaja wawili. Sabina, Mfipa wa upande wa Matai, mwembamba, mwenye kucheka karibu na kila neno. Na Minza, Msukuma, binti wa wafugaji walioshuka na ng'ombe wao kutoka kaskazini wakakaa bondeni, kule chini ya milima, kwenye Bonde la Rukwa. Wawili hawa walilala kitanda cha juu na cha chini. Wazee wanabishana kama Mfipa na Msukuma ni watani wa asili au ni utani uliozaliwa juzi kwa kugombania malisho, lakini hawa walitaniana tangu asubuhi. Nilikuwa nikiwasikia jikoni wakipanga foleni na sahani zao. "Msukuma, sogea, ng'ombe wako wananikanyaga." "Nisogee wapi, Mfipa wewe, na huo mgongo umepinda kwa kupalilia ulezi!" Halafu ghafla, tokea baada ya Pasaka, sikumsikia Minza. Sabina ndiye aliyekuwa akisema peke yake kwenye foleni, naye baadaye akanyamaza.

Siku walipokuja, Sabina alitangulia mbele. Alipiga magoti mlangoni, akapiga makofi taratibu kama tunavyoamkia wakubwa kwetu, akasema: "Shikamoo, mama. Mwenzangu huyu ana jambo." Minza alisimama nyuma yake, ameinamisha kichwa, kitenge amekifunga hadi shingoni.

Hapa lazima nieleze. Kwetu mtu mwenye jambo zito haendi mwenyewe kulisema. Akienda mwenyewe ataonekana hana watu. Anasindikizwa na mmoja wake, na yule msindikizaji ndiye mdomo. Mwenye jambo anakaa kando, ananyamaza, na mkubwa anayeambiwa anamtazama yeye huku akimsikiliza yule mwingine. Ndivyo tunavyokwenda kwa mganga, kwa padri, kwa mwenyekiti wa kijiji, ndivyo hata kijana anavyokwenda kwa baba yake mwenyewe. Sabina alifanya kama alivyofundishwa. Lakini Mama naye alikuwa amefundishwa, tena na walimu wazuri, kwamba mtu akija kwa mshauri akisema "rafiki yangu ana tatizo," rafiki huyo ni yeye mwenyewe, anaona haya tu. Wala hakudanganywa. Baadaye mwaka uleule alikuja kijana mmoja na habari ya "jamaa yangu mmoja anakunywa sana," na jamaa huyo alikuwa yeye, nilinusa mwenyewe kwenye benchi. Kwa hiyo Mama alitabasamu, akamshika Sabina mkono, akamwingiza ndani, na Minza akaambiwa asubiri nje na mimi.

Nikampa chai. Akaishika kwa mikono miwili, hakuinywa. Juu ya ukuta tukasikia.

"Sabina, hapa hatusemi habari za rafiki. Hapa tunasema habari zako. Usiogope."

"Ndiyo, mama. Ila huyu mwenzangu..."

"Mwenzako tumwache kwanza. Wewe unalala vizuri?"

Nadhani Sabina alikuwa akijiuliza afanyeje, maana kwetu mkubwa akikushika mkono akakwambia jambo, humkatalii usoni.

"Nalala, mama."

"Unakula?"

"Nakula sana, mama."

Minza aliinua macho, akanitazama. Ni kama alitaka kucheka. Nimeandika kwenye daftari kwamba alicheka, lakini leo nadhani niliandika nilichokitaka. Chai yake ilipoa, nikaimwaga kwenye maua.

Mama aliagiza Sabina aje kila wiki, na Sabina alikuja kila wiki, maana ilikuwa amri ya ofisi. Kila alipokuja alikuja na Minza, akitumaini kwamba safari hiyo mkubwa ataangalia upande unaotakiwa. Na kila mara Sabina aliingia, Minza akabaki. Ndani Sabina aliulizwa habari za utoto wake, za wavulana, za hofu ya mtihani, naye kwa heshima akatafuta cha kujibu. Alifikia mahali akamwambia Mama kwamba anaogopa kuku. Nje, Minza alipungua. Mifupa ya mabega ilijitokeza, akawa hanywi uji wa asubuhi, jioni anachovya tonge la ugali kwenye mchuzi wa dagaa halafu analiacha ukingoni mwa sahani. Nilijua kwa kuwa mpishi, mama mmoja mwenye sauti kubwa, alilalamika kwangu: "Yule Msukuma wako ananirudishia chakula. Mwambie kama dagaa zangu zinanuka aseme." Mimi sikusema kitu. Nilikuwa mlango.

Benchi lile lilimponza. Aliyeingia ndani alikuwa Sabina, lakini aliyeonekana amekaa chini ya kibao chekundu, amekonda, ni Minza. Wasichana wa bwenini wakaanza kutenga kikombe chake. Nilisikia wawili wakipita, wakiusema UKIMWI kwa mafumbo: "Amekanyaga miwaya yule." "Nani kasema?" "Hujamwona anavyoisha kama sabuni? Na kila wiki yuko pale." Sidhani walikuwa wasichana wabaya. Mmoja wao alimfulia shuka zake mara mbili bila kuambiwa, ingawa nilimwona akizifua kwa kijiti.

Habari zikamfikia Mkuu wa chuo. Alikuja mwenyewe hadi kwenye chumba cha Mama, mwanaume mrefu, mwenye kofia ya pama aliyoivaa hata ofisini, na kwa kuwa hakujua habari ya ukuta, aliongea kwa sauti yake yote. Siku hiyo Minza hakuwepo, namshukuru Mungu.

"Mama, binti anakufa mbele ya macho yangu. Mimi nimeshazika mmoja. Alhamisi lori la chuo linashuka bondeni kufuata mchele. Apande, arudi kwao akatibiwe."

"Akienda huko Mkuu, atarudi kweli? Msichana, kwa wafugaji?"

"Asiporudi atakuwa hai. Akibaki hapa utanihakikishia?"

Nilisikia Mama akiweka miwani mezani. Mimi naona wote wawili walikuwa na haki. Lakini kila mtu pale chuoni alijua maana ya lori lile. Msichana wa mwaka wa pili anayerudi bondeni kabla ya mtihani wa mwisho, watu wanamtolea ng'ombe ndani ya mwezi, na cheti cha ualimu kinabaki ndoto ya kusimuliwa.

Sabina alisikia habari ya lori, akaja mbio jioni ileile, bila kuitwa. Hakuketi kwenye kiti. Nilimwona kupitia mlango uliokuwa wazi: alipiga magoti sakafuni, akapiga makofi.

"Mama, nisamehe. Mimi siumwi. Sijawahi kuumwa."

"Sabina, inuka, mwanangu."

"Siinuki. Nilikuja na mwenye jambo, ukamweka nje. Mimi nilikuwa mdomo wake tu, mama. Na hata kuku siwaogopi."

Mama sikumwona uso. Akauliza kwa sauti ndogo sana, "Minza yuko wapi?" Akaambiwa yuko nyuma ya jiko, amekaa juu ya yale majembe. Mama akaenda mwenyewe kumchukua. Akamrudisha ameshika mkono wake, akaniambia niingize benchi ndani. Likaingia kwa shida, tukasukuma meza ukutani. Minza akakaa pembeni, Sabina katikati, na Mama akavuta kiti, akamtazama Minza, akamwambia Sabina: "Haya, sema."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Baada ya Pasaka, Minza alikwenda sokoni kununua kandambili. Mfanyabiashara mmoja wa ngozi, anayepandapanda kutoka bondeni, alimwona akamshika mkono akamwambia: "Pole mwanangu, pole na msiba. Mama yenu alikuwa mtu." Alidhani Minza anajua. Minza hakujua. Mama yake alikuwa amekufa tangu Kwaresima, amezikwa, na kaka zake hawakumpelekea habari. Aliitikia "Asante," akanunua kandambili, akarudi chuoni.

"Kwa nini hukulia, mwanangu?" Mama alimuuliza, safari hii moja kwa moja.

Ilikuwa mara ya kwanza nasikia sauti ya Minza tangu Pasaka. "Sijaambiwa."

"Lakini si umeambiwa na yule..."

"Yule ni mtu wa ngozi. Nikilia, nitakuwa nimemlilia mama kabla ya kaka kuniambia. Kwetu nitakuwa nimemuua mimi."

Sijui vitabu vya Mama Mshauri vilisema nini juu ya hapo. Alichofanya ni kwenda kwa Mkuu wa chuo akaomba kwamba Alhamisi, kwenye lori, badala ya kwenda Minza aende yeye. Mkuu alikubali kwa sharti: kama hakuna kilichobadilika, lori la wiki inayofuata litambeba binti. Na mimi nikaambiwa nimsindikize Mama.

Njia ya kushuka bondeni ni mbaya, inazunguka ukingo wa Lyamba lya Mfipa, ule mteremko mkali, kama nyoka anayeogopa kuanguka, na joto linakupanda miguuni kadiri unavyoshuka. Koti langu la mitumba nilikuwa nimelivua kabla hatujafika chini. Dereva alitushusha karibu na boma la kaka yake Minza, aitwaye Masanja, mtu mkubwa, mtulivu, amejifunga shuka, anapasua kuni. Tulipokaribishwa vigoda, Mama aliniegemea akaninong'oneza: "Sema wewe. Mimi nitakaa kando."

Nilisema vibaya sana. Nilizunguka, nikataja baridi ya Sumbawanga, nikataja mchele, nikasema mama huyu ana jambo. Masanja alimtazama Mama, akanitazama mimi.

"Mfipa, mama huyu hana mdomo?"

"Anao."

"Na wewe unao?"

"Kidogo."

Wake zake wakacheka ndani. Nadhani kicheko kile kilitusaidia. Nikasema basi, kwa kifupi: Minza haumwi ugonjwa wowote, ila amekonda kama mtu anayekufa, na sababu mnaijua nyie.

Masanja aliweka shoka chini. Hakukasirika. Alieleza kwa utaratibu, kama mtu aliyekuwa ameyapanga maneno hayo zamani akitafuta wa kumwambia. Hakuficha kwa ubaya. Mama yao mwenyewe, siku za mwisho, aliagiza: mwanangu asiambiwe mpaka amalize mtihani. Yeye ndiye aliyemtaka asome, ndiye aliyebishana na baba yao hadi ng'ombe wakauzwa. "Sasa mnataka nivunje neno la marehemu? Nimwambie leo, alie, aanguke mtihani, halafu nitamjibu nini mama?" Niliona wazi kwamba Masanja alikuwa amebeba kitu kizito kuliko sisi tuliokuja kumsumbua.

Ndipo Mama Mshauri akasema. "Ameshaambiwa, baba. Sokoni. Na mnunuzi wa ngozi."

Kuku walipita miguuni kwetu.

"Lini?"

"Baada ya Pasaka."

"Na nani alikaa naye?"

"Rafiki yake mmoja."

"Ndugu?"

"Hapana. Hakuna ndugu."

Aliinuka, akaingia ndani. Tulimsikia akisema na wake zake Kisukuma, sauti moja tu, hakuna aliyebisha. Alitoka amebeba blanketi na fimbo, na lori liliporudi akapanda pamoja na sisi juu ya magunia ya mchele. Tulipofika juu na upepo ukatupiga, nikampa koti langu. Mikono yake haikuingia kwenye mikono ya koti. Alilitupia mabegani.

Minza aliitwa asubuhi, wanachuo wakiwa wanaelekea darasani. Mama aliniambia niondoe pazia, nifungue mlango na dirisha. Mimi nilibaki nje. Masanja alikaa kwenye kigoda, Minza akapiga magoti mbele yake akamwamkia, na Sabina na Mama wakakaa kwenye benchi. Mama alifanya kama anataka kutoka awaachie ndugu, Masanja akamwashiria akae.

"Minza," alisema, "mama ametuacha."

Nilitegemea aseme najua. Hakusema. Aliinua uso akauliza, kama mtu aliyesikia saa ile ile, "Lini, kaka?"

Naye akamwambia. Alianza mwanzo kabisa: siku alipolalamika mgongo, nani alikwenda kuita mganga, nani alimbeba kwenda zahanati, alikula nini mara ya mwisho, mvua ilivyonyesha siku ya kuchimba kaburi, nani alilia na nani hakulia, na maneno aliyoagiza juu yake. Hakuruka kitu. Minza aliuliza maswali madogo madogo. Alivikwa kitenge gani? Mbuzi wake nani anawalisha? Yote yakajibiwa. Yalipokwisha, alibaki amepiga magoti, macho makavu, kama mtu aliyefika ukingoni asijue namna ya kushuka.

Hapo ndipo nilipomwona Mama Mshauri akifanya jambo ambalo sidhani alifundishwa Dar es Salaam. Aliweka mikono kichwani akapiga yowe. Si kilio cha kujifuta machozi. Ni lile yowe refu la wanawake msibani, linaloita kijiji. Sabina akalidaka. Na Minza akaanguka kifudifudi sakafuni, akalia kwa sauti ambayo sitaki kuieleza.

Chumba kile kilitengenezwa kwa ajili ya siri. Yowe likapita juu ya ukuta, likafika jikoni, mabwenini, madarasani. Mpishi alikuja kwanza, mwiko mkononi, hakuuliza ni nini. Alipiga magoti akaanza kulia naye. Kisha wasichana, wawili, watano, halafu wengi, wakaacha vipindi. Wale waliotenga kikombe walikuwemo. Walijaa ndani, waliokosa nafasi wakakaa chini nje, miguu wameinyosha, mmoja ameegemea jiko langu la mkaa. Mlango haukufungika tena. Wavulana nao wakaja, wakasimama mbali wakiwa hawajui mikono waiweke wapi, mpaka Masanja alipotoka akakaa chini ya ukuta, nao wakaenda kukaa naye, wakawasha moto.

Mkuu wa chuo alikuja kwa hatua ndefu, na uso wa kuuliza kwa nini madarasa ni matupu. Alifika, akaona. Nilimwambia, "Ni msiba, Mkuu. Mama yake Minza." Alivua ile kofia. Alisimama nayo mkononi kidogo, kisha akaenda kumpa Masanja pole kwa mikono miwili, akakaa kwenye majani pamoja na wavulana. Baadaye akamwita mwalimu wa zamu akamwambia leo hakuna vipindi, uji upikwe wa kutosha.

Walilia hadi mchana. Kisha sauti zikapungua, wakaanza kuimba, kisha wakaanza kuongea, kama ilivyo msibani popote. Masanja alikuwa ametazama moto muda wote. Mpishi alipotoka na sahani tupu mkononi, Masanja alimsimamisha.

"Mama, Minza amekula?"

"Amekula ugali na maharage. Ameomba aongezewe."

Masanja aliitikia kwa kichwa. Akamgeukia Mkuu wa chuo, akavuta blanketi mabegani.

"Basi lori likishuka tena mimi narudi nalo," alisema. "Huyu anabaki?"

"Anabaki," Mkuu alisema.